Kutafuta mtaji wa startapu mkiwa watu watatu au wanne: mpangilio wa kazi mpaka hela iingie benki

Maswali ni yale yale kila siku. Tuanze na deki (wasilisho fupi la kuielezea biashara kwa mwekezaji) au na orodha ya wawekezaji? Tuombe shilingi ngapi? Ni lazima tufungue kampuni Delaware, lile jimbo la Marekani? Nani aende kwenye vikao? Mbona wanasema "tutawajulisha" halafu kimya? Nimeamua kuandika yote sehemu moja. Naongea na timu ndogo, watu watatu au wanne, mpo Dar, Arusha, Nairobi au Mombasa, hamna mtu wa fedha wa kuajiriwa na kila mmoja ana kazi nyingine mikononi.

Timu za namna hii deki huwa ni tatizo dogo sana. Tatizo kubwa ni kwamba wote wanne wameingia kwenye kutafuta hela, wateja hawapigiwi simu, programu haijaongezwa kitu, halafu mwezi wa tatu mwekezaji aliyekuwa anakaribia kusema ndio anaomba namba za mauzo za miezi miwili iliyopita na zimeshuka. Hapo hamna deki itakayowaokoa. Kwahiyo kila hatua hapa chini lengo lake ni kulinda muda wa watu wachache mlionao.

Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Hela ya kuishi angalau miezi 6 benki, ikiwezekana 9. Kutoka imeli ya kwanza mpaka hela kuingia, miezi 3 hadi 6 ni kawaida kabisa, na ukifika mezani huku umebakiwa na mwezi mmoja mwenzako anaona, na masharti yanakuwa yake.
- Karatasi za kampuni zilizo sawa. Tanzania ni cheti cha usajili cha BRELA (msajili wa kampuni), katiba ya kampuni, TIN, leseni ya biashara, na taarifa za wakurugenzi na wanahisa kwenye mfumo wa BRELA zifanane na hali halisi. Kenya ni cheti, CR12 (karatasi rasmi ya wakurugenzi na wanahisa) ya karibuni na PIN ya KRA.
- Makubaliano ya waanzilishi, yameandikwa na kusainiwa. Nani ana asilimia ngapi, na mtu akiondoka mapema hisa zake zinakuwaje. Utaratibu wa kawaida ni hisa kuiva, yaani mwanzilishi anazipata kidogo kidogo ndani ya miaka 4, na anayeondoka kabla ya mwaka mmoja haondoki na kitu.
- Karatasi inayosema msimbo (code) wa programu, jina na nembo ni mali ya kampuni. Kama aliyewatengenezea programu ni rafiki aliyelipwa kwa M-Pesa bila mkataba, mtafuteni asaini sasa hivi, msisubiri.
- Hesabu za mwezi kwa mwezi za miezi 12 iliyopita, au tangu mlipoanza.
- Mwanasheria aliyewahi kushughulikia uuzaji wa hisa. Wakili wa mambo ya viwanja anaweza kuwa mzuri sana kwenye viwanja, ila hapa atawachelewesha.

Hatua ya 1: Mtu mmoja anaongoza, mmoja anamsaidia, waliobaki hawagusi

Anayeongoza ni CEO, yaani mtendaji mkuu. Sio mnayemuona ana Kiingereza kizuri, sio mwenye marafiki wengi, ni CEO, kwasababu mwekezaji wa hatua za mwanzo anaweka hela yake kwa mtu na anataka kumjua huyo mtu. Kwa miezi hiyo ya kutafuta mtaji hii ndio kazi yake kubwa, na kazi zake nyingine mzigawane kwa majina, kwa maandishi, siku ya kwanza.

Msaidizi anashika nyaraka na namba. Swali la mwekezaji likija usiku, yeye ndio anajua jibu liko folda gani. Wengine wawili kazi yao ni biashara tu. Mwekezaji akiomba kuongea na mtu wa teknolojia sawa, ila iwe kikao cha pili au cha tatu baada ya kuonyesha nia ya kweli, sio mnajazana wanne kwenye simu ya video ya kwanza. Nusu saa mara watu wanne ni saa mbili za kazi zimeondoka, na aliyeongea ni mmoja.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kiasi

Msichukue namba kwenye habari za watu. NALA, kampuni ya kutuma pesa ya Benjamin Fernandes, ilitangaza dola milioni 10 Januari 2022 na dola milioni 40 Julai 2024, ni kampuni iliyoanzia hapa Tanzania na inatutia moyo wote, lakini hiyo haisemi chochote kuhusu nyinyi mnahitaji kiasi gani.

Anzeni na swali hili: ndani ya miezi 18 tunatakiwa tuwe tumethibitisha nini ili mwekezaji wa hatua inayofuata atuchukulie kwa uzito? Mkishapata jibu andikeni watu na vitu vinavyohitajika kufika hapo. Mfano, tuseme matumizi yatakuwa wastani wa shilingi milioni 25 kwa mwezi, mara 18 ni milioni 450. Kwenye mauzo mnategemea kubakiwa na milioni 90 kwa kipindi chote. Pengo ni milioni 360. Ongezeni asilimia 20 kwa ajili ya mambo kuchelewa, milioni 72, jumla milioni 432. Hiyo ndio namba yenu, na kila shilingi ndani yake mnaweza kuielezea.

Iandikeni kwa dola pia na muandike mmetumia kiwango gani cha kubadilishia, kwasababu mishahara mnalipa kwa shilingi ila seva na programu nyingi mnalipia kwa dola. Halafu tengenezeni namba ya pili, ndogo, ya miezi 12. Mkipata nusu tu mtajua cha kufanya bila kuanza kubishana upya.

Hatua ya 3: Chagueni aina ya hela

Ruzuku. Hamtoi hisa, lakini maombi yanakula muda na ripoti zipo. Tony Elumelu Foundation inatoa $5,000 kwa wajasiriamali wa Afrika na dirisha lake kwa kawaida linafunguliwa Januari, Tanzania kuna mpango wa Funguo ulio chini ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Ombeni mbili au tatu zinazowahusu kweli, mkiomba kila tangazo mtageuka kampuni ya kuandika maombi.

SAFE. Hii ni karatasi iliyotolewa na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye startapu changa, mwishoni mwa 2013 na kubadilishwa 2018. Mwekezaji anawapa hela leo, hisa anapata baadaye mtakapouza hisa kwa bei iliyokubalika. Sio mkopo, haina riba na haina tarehe ya kulipa. Hesabu ya toleo la 2018 ni rahisi: mkikubaliana ukomo wa thamani (thamani ya juu kabisa ya kampuni ya kuhesabia hisa zake) wa $2,000,000 na akatoa $200,000, ana asilimia 10. Akija mwingine na $150,000 kwa ukomo ule ule, ana asilimia 7.5. Jumla 17.5, na hizo zote zinatoka kwenye hisa zenu waanzilishi, yule wa kwanza hapungui kwasababu ya wa pili. Hapa ndio watu wanaumia, wanasaini karatasi nne au tano kwa nyakati tofauti na ukomo tofauti, hakuna aliyejumlisha, wanakuja kujumlisha siku ya raundi kubwa (awamu ya kukusanya mtaji) wanakuta robo ya kampuni ilishaondoka. Kila mkisaini, jedwali la hisa libadilishwe siku hiyo hiyo. Pia mjue matoleo ya Y Combinator ni ya Marekani, Canada, Cayman na Singapore, kwahiyo kwa kampuni ya Tanzania au Kenya lazima mwanasheria airekebishe.

Mkopo unaogeuka hisa. Huu una riba na tarehe. Kama kampuni ni ya Tanzania na mkopeshaji yuko nje, mkopo unatakiwa usajiliwe Benki Kuu kupitia benki yenu ya biashara mpewe namba ya deni, DRN. Bila hiyo namba, siku ya kurudisha hela nje benki itawagomea. Fanyeni mwanzoni.

Na Delaware? Fungueni pale tu mwekezaji mwenye nia ya kweli anapoihitaji, wengi wa Marekani huihitaji. Kuifungua ni siku chache, kuitunza ndio kazi. Kodi ya mwaka na ripoti ya Delaware mwisho wake ni tarehe 1 Machi, na bili ya kwanza huwa inatisha kwasababu imepigwa kwa idadi ya hisa, kampuni changa yenye hisa milioni 10 inaweza kuletewa makumi ya maelfu ya dola wakati ikipigwa kwa njia ya pili inayoruhusiwa inashuka mpaka mia kadhaa. Halafu kuna Fomu 5472 ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) kwa kampuni ya Marekani ambayo mgeni ana asilimia 25 au zaidi na kuna miamala kati yao, kutoipeleka ni faini ya $25,000. Mkiingia huko wekeni bajeti ya mhasibu wa kule.

Hatua ya 4: Orodha moja, spredishiti moja

Google Sheets inatosha, msilipie mfumo wowote. Safu za kuweka: jina la mfuko, jina la mtu, nchi, kiasi anachotoa kwa kawaida, hatua anayowekeza, nani atatuunganisha, kundi, tarehe ya mawasiliano ya mwisho, hatua tuliyofika, kinachofuata, na nani anakifanya. Hizo mbili za mwisho ndio zinazobeba kazi yote. Mstari ambao hauna kinachofuata ujue umekufa.

Tafuteni majina 50 hadi 80, kisha chujeni. Je, ameshawekeza Afrika Mashariki, au anasema tu Afrika huku hela zote ziko Lagos? Amewekeza ndani ya miezi 12 iliyopita? Kiasi anachotoa kinafanana na mnachoomba? Ana mshindani wenu tayari? Kama anaye msimtumie deki kabisa. Mkimaliza kuchuja mtabaki na kama 30, na hiyo ni nyingi ya kutosha kwa mtu mmoja.

Wagaweni makundi matatu: A ni mnaowataka sana, B wanafaa, C mkikosa. Wa kuwaunganisha aliye bora kuliko wote ni mwanzilishi ambaye mwekezaji huyo ameshampa hela. Mpigieni simu, muulizeni kwanza yule mwekezaji ni mtu wa namna gani biashara ikiyumba, ndio muombe aunganishe. Watu wetu wanasaidiana sana kwenye hili ukiomba kwa adabu na ukamrahisishia kazi: mwandikie wewe ujumbe mfupi ambao yeye atausukuma tu.

Hatua ya 5: Nyaraka

Deki kurasa 10 hadi 12, PDF, isizidi MB chache kwasababu kuna mtu ataifungua kwenye simu akiwa kwenye foleni. Tatizo, nani analo, mnalitatuaje, namba zenu mpaka sasa, mnapataje hela, soko, washindani, timu, mnaomba kiasi gani na kitafanya nini. Namba ziwe na tarehe. "Wateja 1,200" haisemi kitu, "wateja 1,200 walionunua angalau mara moja mwezi Mei" inasema.

Folda ya ukaguzi iandaliwe kabla ya imeli ya kwanza, sio baada ya kuombwa. Folda ndogo tano: kampuni, hisa, fedha, mikataba, watu na mali ya ubunifu. Muifungue kwa ngazi. Kila mtu anapata deki, aliyefika kikao cha pili anapata hesabu, mikataba anaona aliyeleta karatasi ya masharti (term sheet, muhtasari wa masharti anayotaka kuwekeza nayo). Orodha ya wateja yenye majina na namba za simu isiingie humo hata siku moja. Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wana ya kwao ya 2019, na mwekezaji makini akiona mnagawa namba za wateja anajiuliza na zake mtazifanyaje.

Hatua ya 6: Tumeni kwa mawimbi

Msitume wote 30 siku moja. Wiki ya kwanza tumeni kwa 6 hadi 8, wengi wawe wa B na mmoja wawili wa A, msikie maswali wanayouliza, rekebisheni deki. Wiki mbili zinazofuata ndio mpeleke A waliobaki wote kwa karibu karibu. Sababu yake ni kwamba mnataka majibu yaje kipindi kimoja, ukipata ndio mmoja leo na mwingine baada ya miezi mitatu huwezi kulinganisha masharti na huna nguvu ya kusema hapana.

Ujumbe wa kwanza usizidi sentensi sita: tunafanya nini kwa sentensi moja, namba mbili zenye uzito, tunatafuta kiasi gani, kwanini tumekuja kwako wewe, deki imeambatanishwa, tupo tayari kuongea Jumanne au Alhamisi.

Angalieni kalenda. Agosti wawekezaji wengi wa Ulaya wako likizo, na kuanzia katikati ya Desemba mpaka wiki ya pili ya Januari hamna mtu. Na saa ziandikwe kwa mtindo wa saa 24 na kutaja ni za Afrika Mashariki. Ukimwambia mtu wa nje saa 2 ukimaanisha asubuhi yetu, umeshampoteza. Saa mbili asubuhi ya San Francisco, yaani 08:00 kwao, kwetu ni 18:00 au 19:00 kutegemea na msimu, kwahiyo yule anayeongoza jioni zake zimeondoka na asubuhi mumuache apumzike.

Hatua ya 7: Kikao cha Jumatatu, nusu saa

Fungueni ile spredishiti mpite mstari kwa mstari. Nani amejibu, nani hajajibu, wiki hii nani anafanya nini. Halafu dakika kumi za biashara: mauzo ya wiki iliyopita yamepanda au yameshuka. Yakishuka wiki tatu mfululizo punguzeni vikao vya wawekezaji, kwa kweli punguzeni, hata kama inauma.

Baada ya kila kikao na mwekezaji, anayeongoza aandike mistari mitano siku hiyo hiyo: walichopenda, walichotilia shaka, walichoomba. Maswali yote yaingie kwenye hati moja na majibu yake. Mkifika kikao cha kumi, maswali mengi mnakuta yameshajibiwa na msaidizi anatuma ndani ya saa moja. Ile kasi ya kujibu wanaipima, msidhani hawaioni.

Hatua ya 8: Karatasi ya masharti ikifika

Furahini, halafu msisaini siku hiyo. Someni na mwanasheria vitu hivi: thamani ya kampuni na kama imehesabiwa kabla au baada ya hela kuingia, kampuni ikiuzwa yeye anachukua nini kwanza (kawaida ni hela yake mara moja au sehemu yake ya hisa, achague moja, akitaka vyote viwili ulizeni kwanini), viti vya bodi, maamuzi ambayo hamtaweza kufanya bila yeye, na mpaka lini mmezuiwa kuongea na wengine. Kizuizi cha siku 30 hadi 45 ni sawa, miezi minne hapana.

Siku hiyo hiyo waandikieni wengine waliofika mbali, kwa heshima, kwamba mmepata karatasi ya masharti na mnatarajia kuamua tarehe fulani. Msidanganye kwamba mnayo kama hamna, hii dunia ya wawekezaji wa Afrika Mashariki ni ndogo mno na wanapigiana simu. Na kama kizuizi mmeshakisaini, hamruhusiwi tena kuwaandikia, kwahiyo ujumbe utangulie.

Hatua ya 9: Kufunga

Kusaini sio mwisho. Pigeni simu benki mapema, waambieni kuna dola zinakuja kutoka nje, kiasi gani, kutoka kwa nani, wataomba mkataba na wanaweza kushikilia hela mpaka waridhike. Akaunti ya dola iwe imefunguliwa tayari. Kama ni hisa zimetolewa, mgao upelekwe BRELA, kwa Kenya ni BRS (msajili wa kampuni wa kule), ndani ya muda wa kisheria ambao mwanasheria atawaambia. Ajira mpya na ofisi mpya visubiri mpaka hela isomeke kwenye salio.

Mkikwama

*Hakuna anayejibu.* Fuatilieni baada ya siku 5 hadi 7, mara mbili tu, kila mara na jambo jipya (mteja mkubwa, mwezi mzuri). Kama 15 wamekaa kimya tatizo ni sentensi ya kwanza ya imeli au mmewachagua vibaya. Rudini hatua ya 4.

*Wote wanasema "mko mapema sana".* Hiyo ni hapana. Muulizeni mmoja wao namba gani angetaka kuona, akijibu kwa namba kamili muwekeni kwenye orodha ya kupokea taarifa yenu ya kila mwezi. Asipotoa namba songeni mbele.

*Kila mmoja anasubiri mwingine aongoze raundi.* Kwa SAFE hamhitaji kiongozi. Wekeni tarehe ya kufunga awamu ya kwanza kwa wale waliosema ndio, hata kama ni theluthi ya kiasi, wachukueni, endeleeni.

*Mtu anataka alipwe kwanza.* Anajiita mwekezaji au dalali, anaomba ada ya usajili, ya wakili wake, ya "kufungua faili". Mwekezaji wa kweli hakuombi hela ili akupe hela. Katizeni mawasiliano hata kama ana tovuti nzuri na ofisi London. Dalali anayetaka asilimia baada ya hela kuingia huyo ni suala lingine, mwanasheria asome mkataba wake kwanza kwasababu wapo wanaodai asilimia hata kwa mwekezaji mliyempata wenyewe.

*Waanzilishi mmetofautiana kuhusu masharti.* Sitisheni kujibu kwa siku mbili, mkae bila simu, kila mmoja aandike peke yake kitu kimoja ambacho hawezi kukikubali. Mara nyingi mnakuta hamjatofautiana kwenye kitu hicho.

*Miezi minne imepita, hamna kitu.* Simamisheni zoezi rasmi, sio linafifia lenyewe. Waandikieni wote waliokuwa kwenye mazungumzo kwamba mmesimama na mtarudi mkiwa na namba mpya, kateni matumizi ili zile hela zilizobaki zifike miezi 9, anayeongoza arudi kwenye kuuza. Taarifa ya kila mwezi iendelee kwenda, ukurasa mmoja, tarehe ile ile: mauzo, wateja, hela iliyobaki, kilichoenda vibaya, msaada mnaouhitaji. Mkirudi baada ya miezi sita mnaanza na watu ambao wamewasoma mara sita.